Daftari la mzee wetu bado liko wazi
Maneno ya mweka hazina wa chama, siku ya kuondoa matanga, Baraka



Nimeombwa niseme juu ya mzee wetu. Familia imetaka jina lake lisiandikwe katika gazeti letu, na sisi tunaheshimu. Hapa Baraka hakuna asiyemjua: ule Papa wa ndagala, mwenye kuhesabu feza mara mbili mbele ya macho yako, hata kama ni franka mia tano.

Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka wa 1996, vita ilipofika Fizi. Yeye pia alivuka, na miaka yake ya ukimbizi aliimaliza Lugufu, upande wa Kigoma. Mnakumbuka sheria ya kambi: usiende zaidi ya kilometa 4 bila karatasi ya ruhusa. Kwa hiyo kila mtu alitafuta maisha mule ndani. Yeye alianza na pompa moja, funguo tatu na gundi, akawa anatengeneza baiskeli chini ya mti. Aliyekosa feza alilipa kikombe cha maharagwe ya posho. Aliyekosa maharagwe aliandikwa. Kule njo daftari lilizaliwa.

Meli za kurudisha watu zilianza kuja Baraka mwezi wa kumi, 2005. Yeye, mama na watoto walishuka na mizigo yao, wakakuta kiwanja kimekuwa pori. Hakukaa kungoja. Aliuza baiskeli zake mbili, akaingia ubia na mtu mwingine katika wavu mmoja wa ndagala.

Kazi ya ndagala mnaijua. Usiku wa giza watu wanaingia ziwani na taa. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika. Na mvua ikinyesha wakati samaki ziko mchangani, feza yote imeoza. Mzee wetu aliona kwamba hasara kubwa haiko ndani ya maji, iko kwenye mchanga. Akatengeneza vitanda vya miti na waya vya kuanikia, juu ya ardhi, na hema la kufunika mvua ikija. Ndagala zake zikafika Uvira na Bukavu bila mchanga, na wanunuzi wakaanza kuziuliza. Kisha akawaita bamama wa pwani, akawafundisha kutengeneza vitanda vilevile. Nilimwuliza: «Papa, hauone kama hawa watakutolea wanunuzi?» Akanijibu: «Mwana, samaki yao ikiwa mbaya, mtu wa Bukavu atasema ndagala ya Baraka ni mbaya. Hatauliza ilikuwa ya nani.»

Leo watu wanasema alikuwa mtu wa kutoa. Mimi ninayeshika hazina, nasema alikuwa mtu wa kukopesha. Alikukopesha bila faida, na ulilipa polepole, kila sokoni kidogo. Ulipomaliza, alikata jina lako kwa kalamu nyekundu, kisha akakuambia: «Sasa niletee mtu mwingine mwenye shida kama yako ya zamani.» Ule mtu mpya, wewe njo ulikuwa shahidi wake. Namna hiyo feza moja ilipita katika nyumba nyingi, na hakuna aliyeinamisha kichwa mbele ya mwingine.

Alikuwa mgumu pia, tusidanganyane. Ukimwomba feza ya sherehe, anakupa maji ya kunywa na kukusindikiza mpaka njiani. Vitu viwili tu hakuviandika katika daftari: mazishi na maternite. Alisema mtoto hawezi kuja duniani na deni.

Nyumbani, ufunguo wa sanduku la feza ulikaa kwa mama. Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2016, mwanamke mwenye ndoa katika nchi hii alihitaji ruhusa ya bwana wake kwa mambo mengi ya karatasi. Mama alikuwa akiuza na kununua kwa akili yake miaka mingi mbele ya hiyo, na yeye alijivunia. Watoto wote walianika samaki, wavulana kwa wasichana. Feza ya shule ilipokuwa kidogo, alilipa ya wasichana kwanza. Sababu yake ilikuwa hii: «Mvulana akifukuzwa shule, anaenda kuvuta wavu. Binti akifukuzwa, watu wanakuja na mahari.»

Sasa nifike kwenye neno lililonisimamisha hapa.

Mama ameleta daftari kwa komite. Yako majina 23 yasiyokatwa na kalamu nyekundu. Hakuja kushitaki mtu. Alisema tu: «Sijue nifanye nini na hii.» Watoto watatu bado wako shuleni. Na matanga hayajaisha vizuri, kumbe kuna watu wamekwisha kuuliza motere ya boti itabaki na nani.

Wandugu, Sheria ya Familia ya nchi yetu inasema wazi. Robo tatu ya urithi ni ya watoto, wasichana sawa na wavulana. Robo inayobaki njo inawahusu mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Desturi ya kufungia mjane mlango tuliiona, na tuliona watoto waliotoka humo wakiwa watu wa barabarani. Tusiirudie kwa nyumba hii, iliyotulisha.

Kwa hiyo komite imekata maneno matatu.

La kwanza: majina hayatasomwa mbele ya watu. Kila mmoja anajijua. Nitakuwa ofisini siku ya tatu na siku ya posho, asubuhi. Unakuja peke yako, unalipa unachoweza, unapata risiti, na mama anapewa feza yake siku ileile. Usiye na kitu, kuja pia, tupange.

La pili: baraza la familia likikutana, wajumbe wawili wa chama watakaa pamoja na mama kama mashahidi. Tumekwisha kuongea na wazee wa pande zote mbili, na wamekubali.

La tatu ni kwa wafadhili. Mliandika kwamba mnataka kujenga kitu cha kumkumbuka. Tulimwuliza mama. Alijibu kwamba bwana wake hakupenda sanamu wala kibao. Anaomba waya na mahema, kwa vitanda vya bamama wa pwani ambao bado wanaanika chini, mbele ya mvua ya mwezi wa kumi na moja. Watakaovipata wataandikwa katika daftari lilelile, kwa masharti yaleyale: unalipa polepole, na ukimaliza unaleta mwingine.

Kalamu nyekundu iko mezani kwangu. Aliiacha mama pamoja na daftari. Mungu ampumzishe mzee wetu.