Simu ya Mkononi Katika Vikao na Mizani ya Chama



Manung'uniko ya wazee katika vyama vya msingi vya Bariadi, Itilima na Maswa hayahusu bei ya pamba peke yake. Yako pia manung'uniko juu ya simu. Mzee huondoka kwake alfajiri na pamba yake juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akafika kituoni, akasema "Mwangaluka". Karani huitikia macho yakiwa kwenye kioo cha simu. Kwa Msukuma salamu ni shughuli yenye hatua zake: huulizwa habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Mzee aliyekatiwa salamu hujiona amedharauliwa, na tangu hapo hauamini tena hata mkono unaoandika kilo zake.

Hapo ndipo jambo linapotoka katika adabu na kuingia katika fedha. Vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa vilizaliwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na uchungu wa wakulima waliopunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi. Uchungu huo ndio uliowapa nguvu marehemu Paul Bomani na wenzake, hata likapatikana Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Aliyesimuliwa habari hizo na baba yake hawezi kumtazama karani akicheka na simu wakati wa kupima, kisha akanyamaza. Huenda karani hakupunguza hata kilo moja, mzee atajuaje?

Vijana nao wasihukumiwe kwa haraka. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa fedha, na wakulima wengi hulipwa kwa simu au benki. Kijana aliyeinamisha kichwa mkutanoni aweza kuwa anazidisha kilo kwa bei ili kuhakiki hesabu ya mhasibu, au anamsomea babu yake ujumbe wa malipo. Mara nyingi mzee yule yule alaumuye ndiye aliyemkabidhi mjukuu simu pamoja na namba ya siri, jambo ambalo ni kosa, kwani namba ya siri ni ya mwenye fedha. Isitoshe, ni wazee wapokeao simu kwa sauti ya kuitia ng'ombe katikati ya taarifa ya mapato na matumizi, kana kwamba aliye Mwanza hasikii pasipo kupigiwa kelele.

Akidi ya mkutano huhesabiwa kwa watu, si kwa masikio. Ajenda ya madeni ya pembejeo hupitishwa na wajumbe ambao mawazo yao yako kwingine, na mwezi ufuatao wao hao huja kulalamika kwamba hawakuelezwa.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni kulipiga picha daftari la wanachama na kuitupa picha hiyo katika kundi la WhatsApp. Deni la mwanachama husomwa na shemeji yake aliyeko Dar es Salaam kabla mwenyewe hajaarifiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yalinda habari za namna hiyo, na chama kinachozitunza chawajibika.

Kupiga simu marufuku ukumbini hakutafaa. Vijana wataacha kuja, nao ni wachache tayari. Yafaa mkutano mkuu uweke utaratibu. Karani wa mizani aiweke simu mbali wakati wa kupima, azisome kilo kwa sauti, mkulima aitikie, ndipo ziandikwe. Mkutanoni simu zinyamazishwe. Mwenye mgonjwa nyumbani amwarifu mwenyekiti mapema, na ikipigwa atoke nje. Daftari lisipigwe picha bila idhini ya bodi. Maazimio hayo yaandikwe katika muhtasari, yasomwe kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na yamfunge mwenyekiti sawasawa na karani, kwa kuwa katika vikao vingi simu ya mwenyekiti ndiyo iliayo kuliko zote.