Cheti, Leseni na Mshahara

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wetu wa kazi za hospitali)



Tumeombwa tuseme juu ya elimu na mshahara. Kila mtu hapa amekwisha kusikia jibu la tajiri: ukidai nyongeza huambiwa, "Nenda kasome kwanza." Sisi hatubishani na elimu. Ni nani kati yetu ambaye hakuuza mbuzi au ng'ombe ili mtoto aende shule? Lakini twataka kujua sawasawa ni elimu ipi iletayo fedha, na huileta kwa njia gani. Basi tumechukua mfano mmoja, nao ni kazi ya fiziotherapia kule Marekani. Tumeuchagua kwa sababu serikali ya huko hutoa hesabu za mishahara wazi kila mwaka, na tena vijana wetu si wachache waliokwenda huko wakaingia katika kazi ya kutunza wagonjwa na wazee.

Fiziotherapia ni kazi ya kurudisha nguvu za viungo. Wagonjwa wake ni kama aliyevunjika mguu, aliyepooza upande mmoja, au mzee aliyeanguka bafuni. Huko Marekani kazi hii ina watu wa ngazi tatu. Juu yuko mtaalamu mwenyewe, ambaye siku hizi husoma hata apate shahada ya udaktari ya kazi hiyo. Yeye ndiye ampimaye mgonjwa na kupanga matibabu. Katikati yuko msaidizi. Cheo hiki si cha zamani sana, maana wasaidizi wa kwanza walihitimu mwaka 1969. Msaidizi husoma chuoni miaka miwili hivi, hujifunza mifupa na misuli, hufanya kazi hospitalini chini ya walimu, kisha hukaa mtihani na kupewa leseni na jimbo lake. Humwongoza mgonjwa katika mazoezi na kuandika maendeleo yake, lakini haruhusiwi kupanga matibabu. Chini yuko mhudumu. Yeye amemaliza shule ya sekondari tu, na kazi hufundishwa pale pale kazini kwa muda mfupi. Huandaa vitanda, hufua taulo, husukuma viti vya magurudumu na kuitikia simu.

Sasa sikilizeni hesabu. Mwezi wa Mei 2023 mshahara wa katikati wa msaidizi ulikuwa dola 64,080 kwa mwaka. Tukisema wa katikati maana yake nusu yao hupata zaidi na nusu hupata pungufu. Wa mhudumu ulikuwa dola 33,520. Kwa saa moja ni kama dola 31 kwa mmoja na dola 16 kwa mwingine, na wote wawili wamesimama kando ya kitanda kimoja. Mtaalamu alikaribia dola 100,000. (Msizigeuze dola hizo kuwa shilingi haraka mkashangilia. Kodi ya nyumba huko hulipwa kwa dola pia.)

Mhudumu akiacha kazi miaka miwili ili asome, atapoteza mshahara wa dola 67,000 hivi, na juu yake ada ya chuo. Akipata leseni atazidi mshahara wake wa zamani kwa dola 30,000 kila mwaka. Basi kabla ya kutoa kodi ya serikali, mshahara aliopoteza humrudia katika miaka miwili na kidogo, na ada baada yake. Biashara nzuri, mtasema. Ni nzuri kweli kwa yule awezaye kukaa miaka miwili bila mshahara. Mama mwenye watoto watatu hawezi, hata akiwa na akili kuliko wote darasani.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo lililotuleta hapa. Wako wahudumu huko Marekani wenye digrii ya chuo kikuu kabisa. Ni vijana wanaongojea kuingia katika shule ya wataalamu, nao hufanya uhudumu ili wapate kuizoea kazi. Wana elimu kumpita msaidizi wa miaka miwili, na bado hulipwa mshahara wa mhudumu! Hali kadhalika mtu aliyesomea fiziotherapia nchi nyingine: vyeti vyake hupimwa kwanza, naye lazima akae mtihani wa huko. Kabla ya kupata leseni, elimu yake yote haimpi haki ya kufanya kazi ya leseni.

Kwa nini basi? Angalieni mfuko unaolipa. Huko wazee wa miaka 65 na zaidi wana bima ya serikali iitwayo Medicare. Bima hiyo hulipia matibabu yaliyofanywa na mtaalamu, na yaliyofanywa na msaidizi mwenye leseni akisimamiwa. Kazi ya mhudumu haiilipii kama matibabu, hata mtaalamu awe amesimama karibu yake. Kwa hiyo tajiri akimwona msaidizi huona fedha zinazoingia, na akimwona mhudumu huona gharama. Elimu imeingia mshaharani kwa kupitia mlango wa leseni na bima.

Na mlango huo hushikwa na mtu mwingine. Mwezi wa Oktoba 2019 bima hiyo ilibadili njia ya kuzilipa nyumba za wauguzi wa wazee. Zamani dakika nyingi za mazoezi zilileta malipo makubwa zaidi, na sasa hutazamwa hali ya mgonjwa. Mara moja wengine wakapunguziwa saa na wengine wakaachishwa kazi. Tena tangu Januari 2022, kazi ya nje ya hospitali ikifanywa na msaidizi, bima hulipa asilimia 85 ya bei ya kawaida. Hakuna aliyepungukiwa elimu siku hiyo. Vyeti vilikuwa vile vile ukutani.

Turudi kwetu. Hapa Kenya iko sheria ya wafiziotherapia ya mwaka 2014, nayo yataka afanyaye kazi hiyo awe ameandikishwa. Mtaalamu wetu husoma diploma ya miaka mitatu au digrii. Lakini twasikia kwa wanachama kwamba siku mtaalamu hayupo, mhudumu huitwa: "Mzee, hebu mnyoshe mgonjwa huyu mguu." Naye hunyosha, kwa kuwa ameona miaka kumi na tano jinsi inavyofanywa. Mwisho wa mwezi hulipwa kwa kufagia. Na mgonjwa akiumia, atakayeulizwa leseni ni nani? Si yule aliyemwita.

Kwa hiyo madai yetu hayatakuwa "tuongezeeni kwa sababu tuna ujuzi" tu. Tutadai likizo ya masomo yenye mshahara kwa mhudumu aliye na alama za kuingia chuo, maana miaka ile bila mshahara ndiyo inayomzuia. Tutadai kwamba anayerudi na cheti apandishwe daraja tangu tarehe ya cheti, wala asingoje mpaka nafasi ipatikane. Na tutadai amri ya maandishi kwamba mhudumu asiitwe kufanya kazi ya leseni.

Dai hili la mwisho lahitaji ushahidi. Tangu wiki hii kila mhudumu aandike katika daftari siku, saa, wodi, na kazi aliyoitwa kufanya isiyokuwa yake. Jina la mgonjwa lisiandikwe kamwe. Asiyeweza kuandika asaidiwe na mwenzake wa zamu, na madaftari yaletwe kwa karani wa tawi kabla hatujaketi na waajiri.