Sauti Nne Mpakani
Mhadhara wa umma uliotolewa Tunduma, Mkoa wa Songwe



Mada niliyopewa ni kwateti ya nyuzi kutoka Finland na tamasha la muziki wa chemba linalofanyika kila Julai katika mji mdogo uitwao Kuhmo. Nitafika Kuhmo. Lakini kila ninapotaja fidla mbili, viola na selo katika mikoa yetu, jibu moja hunisubiri mlangoni: muziki ule ni wao, huu ni wetu, na hiyo miwili haichanganyiki. Nimelisikia kwa maofisa, kwa wasomi, na hata kwa wanamuziki ninaowaheshimu sana. Leo sitalipita. Nataka tulichimbe mpaka kwenye shina lake.

Shina hilo lina jina na mwaka. Mwaka 1928, katika juzuu la kwanza la jarida la Africa lililotolewa London, Erich von Hornbostel, mzaliwa wa Vienna aliyeongoza hifadhi ya sauti ya Berlin, aliandika makala kuhusu muziki wa Waafrika. Alihitimisha kwamba muziki wa Afrika na wa Ulaya umejengwa juu ya kanuni tofauti kabisa, hivyo hauwezi kuyeyushwa ukawa mmoja. Mtu ashike huu au ashike ule, pasipo kuchanganya. Wanaorudia hoja hii leo wengi wao hawajamsoma, lakini ndiye wanayemsemea.

Tumtendee haki. Aliandika wakati misheni nyingi zilikuwa zikipiga marufuku ngoma na kuwalazimisha waumini kuimba tenzi za Kijerumani na Kiingereza kwa mapigo yasiyokubaliana na lugha zao. Yeye alisema muziki wa Mwafrika una akili na mpango wake, na usiharibiwe. Mwaka 1933 Wanazi walimwondoa kazini kwa sababu mama yake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Akafariki Cambridge miaka miwili baadaye. Sina ugomvi na utu wake. Ugomvi wangu ni na ushahidi wake, na zaidi na ukuta uliojengwa juu ya ushahidi huo.

Hornbostel hakuwahi kufanya utafiti barani Afrika. Aliisikia Afrika kupitia silinda za nta alizoletewa na wasafiri, wanajeshi na wamisionari, na silinda moja ilibeba dakika chache tu. Fikirini maana yake. Ngoma inayokesha mpaka alfajiri inakatwa, kinabaki kipande kifupi. Mwimbishaji anasogezwa mbele ya pembe ya mashine, waitikiaji wanabaki nyuma ambako mashine haiwafikii. Ukikaa Berlin na silinda hiyo utasikia mstari mmoja wa sauti na utaamini kwamba huo ndio wimbo wenyewe. Kisha utaandika kwamba watu hawa wana mstari, na Wazungu wana sauti zinazopandana, na kwamba kati ya vitu hivyo viwili hakuna daraja. Nendeni Dodoma mkawasikilize Wagogo wakiimba. Sauti zao zinapandana kwa umbali unaotokana na milio ya asili iliyomo ndani ya kila uzi unaotetema, na Gerhard Kubik ameeleza mfumo huo kwa makini makubwa. Hukwe Zawose aliubeba ulimwenguni akiwa na zeze na ilimba mkononi. Zeze ni ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Hakuna aliyetoka Helsinki kuja kutufundisha upinde.

Ushahidi mwingine uko hapa hapa, na mnausikia kila mara. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo kwa mtindo wa tenzi za sauti nne alizofunzwa kanisani. Kwa kanuni ya Hornbostel wimbo ule ni mchanganyiko, na mchanganyiko hauwezekani. Leo bendera ikipanda Tunduma tunauimba kama Mungu Ibariki Afrika. Ikipanda Nakonde, hatua chache kutoka hapa, ndugu zetu wa Zambia wanaimba melodi ile ile kwa maneno yao. Ni nani atasimama kwenye kizuizi cha forodha atuambie kwamba wimbo huo si wetu? Na kwa kuwa tunazungumzia Finland, Wafini nao wanaimba wimbo wa taifa wenye melodi ya Fredrik Pacius, Mjerumani aliyezaliwa Hamburg, na majirani zao wa Estonia wanatumia melodi hiyo hiyo.

Historia ya Wamoraviani wa Mbozi na Rungwe naipita haraka kwa kuwa wengi wenu mmekulia ndani yake: Traugott Bachmann aliyetaka Wanyiha wamsifu Mungu kwa sauti zao wenyewe, na baadaye Franz Rietzsch, katika miaka ya 1930, aliyeona kwamba nyimbo za kale za Ulaya zina undugu na za kwetu. Naipita pia Zanzibar, ambako vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, vimeifanya fidla iwe na lafudhi ya Kiswahili. Nataka muda wangu niutumie kwa Mganda mmoja.

Justinian Tamusuza alizaliwa mwaka 1951. Alisoma Uganda, Belfast na Marekani, na mwaka 1988 akaandika kwateti ya nyuzi aliyoiita kwa Kiganda Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba. Kronos Quartet ya San Francisco iliirekodi katika albamu ya Pieces of Africa iliyotoka mwaka 1992, na albamu hiyo ikapanda kileleni mwa chati za Marekani za muziki wa aina hiyo. Umaarufu huo si hoja yangu. Hoja yangu ni jinsi kazi ile ilivyojengwa.

Ili kuielewa lazima kwanza tukae kwenye amadinda, marimba ya Baganda yenye vipande kumi na viwili vya mbao. Inapigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, anaanza mstari wake kwa mapigo yaliyo sawa. Wa pili, omwawuzi, anaingiza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, pigo kwa pigo, bila kugongana naye hata mara moja. Mistari hiyo miwili ikishakimbia pamoja, sikio huanza kusikia vijisauti ambavyo hakuna kati yao anayevipiga peke yake. Vinazaliwa pale mistari inapopishana. Hapo anaingia wa tatu, omukoonezi. Kazi yake ni kusikiliza kile kinachozaliwa kwenye mbao mbili za chini kabisa, akichukue, akipige juu kwenye mbao mbili za mwisho. Ana mbao mbili tu. Anapiga wimbo ambao wenzake wameutunga pasipo kuuona.

Sasa isikilizeni kwateti ya Tamusuza. Wapigaji wanadonoa nyuzi kwa vidole, noti ni tano kama za kwao Buganda, na sehemu za wanne wale zinapishana kama mikono ya wapiga amadinda: huyu anaacha nafasi, yule anaijaza. Upinde unaposhika uzi, unasikia endingidi, fidla ya uzi mmoja ya Baganda. Ala ni zile zile zilizotengenezwa Italia na Ujerumani. Hakuna kilichovunjwa ili kiunganishwe na kingine. Hornbostel alidhani kuunganisha ni kuweka kordi za Ulaya chini ya wimbo wa Kiafrika, na kwa hilo peke yake alikuwa na sababu ya kuogopa. Tamusuza alifanya kinyume chake: alichukua ala nne za Ulaya akazipa nidhamu ya Kiganda. Kwangu mimi kazi hii inalifunga shauri lililofunguliwa mwaka 1928.

Sasa twende Kuhmo.

Kuhmo ni mji wa mpakani, mashariki mwa Finland, takribani kilomita 600 kutoka Helsinki, wenye watu wasiofika elfu tisa. Tunduma ina zaidi ya laki mbili. Katika eneo la Kuhmo kuna kituo cha Vartius cha kuvukia kwenda Urusi, ambacho Finland ilikifunga pamoja na vituo vingine vya mpaka wa mashariki mwaka 2023. Sisi na Zambia tulifungua kituo cha pamoja mwaka 2019. Ni nchi ya misitu na maziwa. Huko, pande zote mbili za mpaka, daktari Elias Lönnrot alizunguka katika karne ya 19 akikusanya tungo za wazee zilizoimbwa kwa noti chache na mapigo matano, na kutokana nazo akaandaa Kalevala, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1835.

Mwaka 1970 Seppo Kimanen, mpiga selo aliyekuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, alianzisha tamasha pale. Hapakuwa na ukumbi wa muziki. Walipiga kanisani na kwenye kumbi za shule. Ukumbi wenyewe, Kuhmo-talo, ulijengwa mwaka 1993, yaani baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kupiga muziki. Naomba mpangilio huo ukumbukwe na wale wote wanaotuambia tusubiri jengo.

Kwateti haikuzaliwa Finland. Haydn aliipa umbo huko Austria kuanzia miaka ya 1750, wakati Finland ilikuwa jimbo la Uswidi. Sibelius alipoandika kwateti yake ya Voces intimae mwaka 1909, nchi yake ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na yeye mwenyewe alikuwa amesomea Berlin na Vienna. Akaipa sehemu tano badala ya nne za kawaida. Wafini waliikuta kwateti mlangoni kama sisi, wakaikaribisha ndani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ikaanza kugharamia shule za muziki katika miji midogo. Ndiyo maana leo kuna Meta4, kwateti iliyoundwa mwaka 2001, iliyoshinda shindano la Shostakovich Moscow mwaka 2004 na la Haydn Vienna mwaka 2007. Wanapiga wakiwa wamesimama, isipokuwa mpiga selo. Baada ya kifo cha Vladimir Mendelssohn mwaka 2021, tamasha la Kuhmo lilikabidhiwa kwa wapiga fidla wawili wa kundi hilo, Minna Pensola na Antti Tikkanen.

Niseme sasa jambo ambalo wenzangu chuoni wamelipinga kwa hoja nzuri, nami bado nimelishikilia. Naamini uhai wa muziki wa watu wanne uko kwa mtu wa tatu. Wananiambia wimbo uko juu na msingi uko chini, na mahesabu ya noti yako upande wao. Lakini marehemu mjomba wangu alipiga tarumbeta ya sauti ya tatu kanisani miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumsifu. Alipougua, wenzake walikwenda msibani bila yeye. Wimbo ulikuwa ule ule, sauti ya kwanza iling'aa, besi ilitosha. Bibi yangu, asiyejua noti hata moja, alitikisa kichwa akasema, "Wimbo wa leo una njaa." Mozart alipokaa kupiga kwateti na Haydn huko Vienna alichukua viola, na angeweza kuchukua chochote. Omukoonezi wa Buganda ana mbao mbili. Katika Meta4 nafasi hiyo ni ya Atte Kilpeläinen. Mkibahatika kuwaona, mtazameni yeye.

Na hapa ndipo Tunduma ina mtaji ambao Kuhmo ya mwaka 1970 haikuwa nao kwa kiasi hiki. Kila kanisa la mji huu, na la Nakonde, lina watu waliozoea soprano, alto, tena na besi, wanaosoma do re mi, wanaojua kwa miili yao maana ya kushika sauti yako wakati jirani anaimba nyingine. Hadhira ya kwateti ipo tayari. Haijaalikwa tu.

Miaka ya 1970 watafiti wa Finland walikaa Bagamoyo na Watanzania katika mradi wa Jipemoyo, wakasikiliza muziki wetu na kuuandika. Walitusikiliza. Na sisi tuwasikilize.

Ninachoomba ni wiki moja ya Julai, wakati mvua haipo na mabati ya ukumbi wa shule yamenyamaza. Halmashauri ya Mji itoe ukumbi, makanisa yatoe malazi na kwaya. Waalikwe Wafini wanne, waombwe kuipiga kazi ya Tamusuza pamoja na ya Sibelius, na siku ile ile waje wapiga zeze kutoka Dodoma na kwaya moja kutoka ng'ambo ya mpaka. Walimu wa kwaya mliomo humu ndani, msiondoke kabla hamjaandikisha majina yenu kwa katibu. Kamati ianze nanyi.