Rafiki Mmoja

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: rafiki, kundi, kususia. Someni pamoja, polepole. Vizuri.

Leo tutazungumza juu ya watoto wetu wa miaka 11 mpaka 14. Katika umri huu mtoto huanza kuwatazama wenzake kuliko anavyotutazama sisi wazee wake. Anataka apendwe na wengi. Skulini wote huvaa sare moja, lakini hawakosi la kupimana: viatu, mkoba, simu, na nguo ya siku ya Idi. Asiyekuwa nacho huchekwa. Kisha kundi huamua kwamba fulani asisemeshwe. Kesho yake anakaa peke yake.

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya kitoto. Watu wazima wa Unguja waliyafanya pia. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, wafuasi wa Hizbu na wa Afro-Shirazi walisusiana. Mtu hakununua katika duka la mwenziwe, wala hakupanda gari lake. Majirani waliozikana miaka mingi waliacha kwenda mazishini. Huenda wengine hawakuwa na chuki yao wenyewe. Huenda waliogopa tu kuonekana wakizungumza na mtu wa upande wa pili. Ikiwa mtu mzima aliogopa kundi lake, mtoto wa miaka 12 atafanyaje?

Wazee walisema: wengi wape. Na kweli, wengi wana nguvu. Katika mwaka 1951 mtaalamu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alieleza jaribio lake. Aliwaonyesha watu mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akawauliza: upi katika hii mitatu una urefu sawa na ule wa kwanza? Jawabu lilikuwa wazi. Lakini wote katika chumba, isipokuwa mtu mmoja, walikuwa wameagizwa kwa siri waseme uwongo. Yule mmoja aliwasikia wote wakitaja mstari usio sawa. Katika kila mara tatu za namna hiyo, kiasi cha mara moja naye alilifuata kosa lao, na macho yake yanaona.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipo somo letu. Asch alimweka mtu wa pili aliyesema kweli. Mmoja tu! Basi kufuata kosa kulipungua mpaka robo ya pale mwanzo. Wengi walikuwa bado wengi, lakini nguvu yao ilivunjika.

Basi mtoto hahitaji kupendwa na darasa zima. Anahitaji rafiki mmoja wa kweli, wa kukaa naye wakati kundi linapomgeuka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Wewe mzazi ufanye nini? Kwanza, mjue rafiki wa mwanao kwa jina. Mkaribishe nyumbani, ale pamoja nanyi. Pili, mtoto akikwambia kwamba ametengwa, usimwambie, "Wapuuze tu." Msikilize mpaka amalize. Mwulize: "Nani katika darasa lenu hakukucheka?" Huyo huenda akawa rafiki. Tatu, akipigwa au akinyang'anywa vitu, nenda ukamwone mwalimu wake. Usimwachie mtoto mzigo huo.

Jambo la nne ni zito zaidi. Huenda mwanao si yule anayetengwa. Huenda yumo katika kundi linalotenga, naye hucheka kwa kuogopa kuchekwa. Mwambie hivi: "Huna haja ya kugombana na kundi. Nenda ukakae karibu na yule aliye peke yake." Hilo laweza kufanywa na mtoto yeyote, na halina gharama.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kwa nini mtu hufuata wengi hata akijua kwamba wamekosa?
2. Rafiki wa mwanao anaitwa nani?
3. Nani katika mtaa wako amesusiwa, na nani humwamkia?

Kwa kazi ya nyumbani, andikeni sentensi tatu juu ya rafiki aliyekufaeni wakati wa dhiki.