Kupotea, Kupotoka, Kuasi

Jioni hii nataka tuyatazame maneno tunayoyatumia kila siku juu ya mtu aliyeiacha njia.

Lugha yetu haina neno moja tu. Mtu atokaye Kisumu kuja Kakamega kwa mara ya kwanza, akifika njia panda ya Chavakali akashika barabara ya kulia, atajikuta anakwenda Kapsabet. Huyo amepotea. Hakukusudia ubaya, anahitaji mtu wa kumwelekeza. Lakini ukuta ambao fundi hakuupima kwa timazi, ukainama, hatusemi kwamba umepotea. Huo umepotoka. Haukujipinda wenyewe, wala hauwezi kujinyosha. Tena yuko aijuaye njia, aliyeonyeshwa tangu utoto, naye anageuka na kwenda kwingine macho yakiwa wazi. Huyo amekengeuka. Na akisema waziwazi kwamba hataki kutawaliwa tena, basi ameasi.

Waebrania nao walikuwa na maneno yao. Mwanzoni mwa Zaburi ya 32 mna matatu, yamefuatana. La kwanza ni neno la uasi, kama watu wamwasivyo mfalme wao. La pili maana yake ni kukosa shabaha. Hilo ndilo lililotumika katika Waamuzi 20, habari za wale watu 700 wa Benyamini, wenye kutumia mkono wa kushoto, ambao wangeweza kutupa jiwe kwa kombeo na kuulenga unywele wasiukose. La tatu hufikiriwa kuwa limetokana na kupinda. Mwimbaji wa zaburi ayataja yote matatu, na kwa yote matatu anaona msamaha.

Sasa tujiulize jinsi sisi tunavyoyagawa maneno haya. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kimesema, "Amepotoka." Katika makanisa mengi hufungiwa Meza ya Bwana. Na yule mwanamume je? Akijulikana, husemwa kwa sauti ya chini kwamba ameteleza. Mzee wa kanisa akila fedha za mabati, tunaambiwa kulikuwa na kasoro kidogo katika hesabu. Kijana akiiba kuku, yeye ni mwizi, na Mungu amsaidie wenye bodaboda wasimfikie kwanza.

Mimi silikatai neno hilo la kuteleza. Ni neno la huruma, na watu wa Kakamega, kwa mvua hii yetu na udongo huu, wanajua kwamba hata mwenye miguu imara huteleza. Ninalolikataa ni kwamba tunawapa neno hilo wale tunaowaheshimu, na wengine tunawanyima. Asubuhi tunapoungama pamoja kanisani, tunajifananisha na kondoo waliopotea. Tumejichagulia neno la upole kuliko yote! Kisha ibada ikiisha, pale nje chini ya mti, tunayatoa yale makali kwa ajili ya jirani.

Bwana Yesu hakufanya hivyo. Katika Luka 15 alisema habari za vitu vitatu vilivyopotea, wala havikupotea kwa namna moja. Kondoo alipotea kwa ujinga wake, pengine akifuata majani. Shilingi haikufanya kosa lolote. Ilipotea ndani ya nyumba, mikononi mwa mwenyewe. Fikirini hapo, enyi wazazi, nasi wachungaji pia. Wako vijana waliopotea ndani ya kanisa, nasi tulikuwa tumeketi papo hapo. Yule mwanamke hakuilaumu shilingi. Aliwasha taa akashika ufagio.

Mwana mdogo hakupotea vile. Aliomba urithi baba yake akiwa bado hai, akaondoka kwa kupenda kwake. Hatusomi kwamba baba alimfuata katika nchi ile ya mbali, wala kwamba alituma watumishi wamlete kwa nguvu. Lakini alimwona alipokuwa angali mbali, naye akapiga mbio, mzee mzima, mbele ya watu.

Ndipo anapotokea ndugu yake mkubwa. Huyu anajitetea kwamba miaka yote ametumika, wala hajapita hata mara moja kando ya amri ya baba yake. Sioni mahali ambapo baba anambishia jambo hilo. Lakini tazama anavyomtaja mdogo wake: hasemi "ndugu yangu," asema tu kwamba ni mwana wako huyu. Naye anasema hayo akiwa amesimama nje ya mlango, ngoma zikisikika ndani, na baba ametoka kumsihi aingie. Luka hatuambii kama aliingia.

Someni sura hiyo yote usiku huu, mpaka mstari wa 32, na kama yuko nyumbani kwenu mtu ambaye jina lake halitajwi tena, msomeni naye akiwapo. Bwana awabariki.