Kifundo cha Nyangumi

Wanaopinga mageuko ya viumbe wana swali wanalolipenda kuliko yote: kama kweli mnyama wa aina moja hugeuka polepole akawa wa aina nyingine, wako wapi waliokuwa katikati? Ni swali la haki, msikilizaji, na kwa upande wa nyangumi lilikuwa zito hasa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliwaza kwamba dubu anayeogelea kinywa wazi akinasa wadudu angeweza, baada ya vizazi vingi, kuleta kiumbe mfano wa nyangumi. Alichekwa, na katika matoleo yaliyofuata akaifupisha habari ile. Miaka zaidi ya mia baadaye mzaha ulikuwa bado unatembea, safari hii ukiwa wa ng'ombe aliyejitosa baharini, na kwa kweli wanasayansi hawakuwa na mifupa ya kuuzima.

Mifupa ikaja. Mwaka 1981 kilitangazwa kisukuku cha Pakicetus kutoka Pakistan, mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 50 iliyopita. Mfupa wake wa sikio ni wa kinyangumi, na mabaki yaliyopatikana baadaye yakaonyesha kuwa alitembea kwa miguu minne. Mwaka 1994 akafuata Ambulocetus, wa Pakistan vilevile, aliyeweza kwenda nchi kavu na majini. Kule Misri, katika jangwa linaloitwa Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi, wamelala akina Basilosaurus, nyangumi wa mita 15 na zaidi, ambao mwaka 1990 walitangazwa kuwa na miguu ya nyuma. Mguu wenyewe ni mfupi kuliko mkono wa mtu mzima, lakini una paja, goti, kifundo na vidole. Kumbeba mnyama wa ukubwa ule usingeweza hata kwa hatua moja.

Hapo mpinzani hujibu kwamba wataalamu huokota mifupa na kuipanga wapendavyo. Shutuma hii inafaa kupimwa, na kipimo kipo. Kwa miaka mingi wataalamu wengi wa visukuku waliamini kwamba nyangumi walitokana na jamii fulani ya wanyama wala nyama iliyokwisha kutoweka, kwa sababu meno yalifanana. Waliochunguza vinasaba wakasema sivyo: ndugu wa karibu wa nyangumi aliye hai leo ni kiboko. Ubishi ukawa mkali, na ungeweza kukatwa na kifundo. Ukitenganisha mguu wa nyuma wa mbuzi penye kifundo, utakuta kijifupa kilichochongeka kama kapi, juu na chini. Ng'ombe anacho, nguruwe anacho, kiboko anacho. Simba hana, farasi hana. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yalitangaza vifundo vya nyangumi wa kale wenye miguu. Vilikuwa na kapi juu na chini. Philip Gingerich, mmoja wa waliokuwa wakishikilia ile nadharia ya meno, ndiye aliyeongoza kundi mojawapo, na akabadili msimamo wake hadharani. Kama kazi yao ni kupanga mifupa wapendavyo, basi huyu aliipanga vibaya mno.

Hoja nyingine ina akili zaidi: viumbe hufanana kwa kuwa Muumba ni mmoja, naye hutumia mpango uleule panapokuwa na kazi ileile. Lakini tazama papa na nyangumi. Kazi yao ni moja, kuogelea baharini, ila papa hupiga mkia kushoto na kulia, nyangumi huupiga juu na chini, vile uti wa mgongo wa mamalia unavyojikunja anapokimbia. Papa hupumua kwa matamvua; nyangumi, aishiye maisha yake yote majini, hana budi kuibuka kuvuta hewa, la sivyo atakufa maji. Mfanano umefuata ukoo, haukufuata kazi.

Wengine husema vile vijiguu vya Basilosaurus vilisaidia wakati wa kujamiiana, kwa hiyo si masalia ya kitu chochote. Huenda vilisaidia kweli. Kiungo cha zamani kupata kazi mpya ni jambo ambalo mageuko hulitarajia. Kinachobaki bila maelezo ni kwa nini kishikizo cha namna hiyo kiumbwe na goti na vidole. Na habari haiishii kwenye mawe. Kijusi cha pomboo, siku zake za mwanzo, huchipua vinundu vya miguu ya nyuma, kisha vinayeyuka kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2006 wavuvi wa Taiji, Japani, walimnasa pomboo ambaye kwake, inaonekana, havikuyeyuka: alikuwa na mapezi mawili ya ziada, pale pale ambapo mbuzi ana miguu ya nyuma.