Nchi Jirani: Misuli na Mabavu

Mwezi Novemba 1978, majeshi ya Uganda yakiwa yamekwisha kuvuka mpaka na kulikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, Idi Amin alitoa pendekezo la kumaliza ugomvi. Alitaka yeye na Rais Nyerere wapande ulingoni wapigane ngumi, na mwamuzi awe Muhammad Ali. Mwezi huohuo ng'ombe wa wananchi wa Kagera waliswagwa kupelekwa Uganda, na daraja la Kyaka lilivunjwa.

Wengine walicheka. Lakini katika kichekesho kile palikuwa na itikadi kamili. Amin alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950, askari wa KAR mwenye mwili mkubwa, na yaelekea hakuacha kuamini kwamba dola nayo ni mpiga ngumi: mwenye misuli minene ndiye mwenye haki.

Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Msuli, mbali na ile nguo ambayo wanaume wa pwani hujifunga kiunoni, ni nyama ya mwili inayovuta mfupa. Mtu husifiwa kwa misuli yake akiwa shambani au akipanda mlima na mzigo. Anayeitunisha barazani hudhihakiwa. Tena tunasema fulani ana ubavu wa kufanya jambo, maana yake anao uwezo. Lakini tukisema ametumia mabavu, neno la ukoo uleule, hapo hatumsifu hata kidogo. Amechukua kwa nguvu kisichokuwa chake.

Msuli wenyewe una tabia ya kuzingatiwa. Hauwezi kusukuma, unaweza kuvuta tu. Mkono ukikunjwa, ni msuli wa mbele unaovuta. Ukinyooshwa, ni wa nyuma. Nao hungoja amri kutoka katika ubongo. Ukijikaza bila amri, mtu husema amebanwa na msuli. Askari aliyepatwa na jambo hilo katikati ya mwendo wa usiku anaelewa: mguu ni wake, lakini haumtii.

Ndivyo ilivyoipata Uganda tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote alipokuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Haki inataka isemwe kwamba msuli ule ulikuwa umekwisha kufundishwa kupiga. Mwezi Mei 1966 Obote mwenyewe alilituma jeshi, Amin akiliongoza, kuishambulia ikulu ya Kabaka. Wala Tanganyika isijione ilizaliwa na kinga. Januari 1964 askari wake waliasi, jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka uleule likaundwa JWTZ, jeshi la wananchi.

Uganda haikupata nafasi hiyo. Chini ya Amin askari walipewa uwezo wa kuwakamata raia, na kazi ya polisi ikamezwa na vikosi vya siri. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa kwa nguvu katika Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana, wala hakurudi. Polisi yeyote atajiuliza, mahali ambapo jaji mkuu hakamatwi kwa hati bali huburutwa, yeye atafanya kazi gani?

Tarehe 2 Novemba 1978 Nyerere alipolihutubia taifa alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Uwezo ndio misuli, nao ulikuwa mmoja tu katika matatu. Kwa hiyo walikwenda askari wa JWTZ, na pamoja nao polisi, magereza, JKT na mgambo. Amin, ambaye sababu hakuwa nayo, aliazima misuli mingine kutoka Libya. Machi 1979, huko Lukaya, misuli ya kuazima ilivunjwa pamoja na ya mwenyeji.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Sauti iliyotangaza katika Radio Uganda kwamba utawala wa Amin umeanguka ilikuwa ya Mganda, Luteni Kanali David Oyite Ojok. Bingwa wa ngumi alikuwa amekwisha kuukimbia mji.